Wiki Sita Bila Ugali

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya hindi. Liliingia kwenye buti langu la mpira asubuhi nikipalilia maharage, nikatembea nalo mpaka jioni bila kujua, maana miguu ya mtu mwenye kisukari haikupi taarifa. Nilipovua buti, soksi ilikuwa imelowa damu. Nilicheka. Nilimwonyesha mke wangu kama mtu anayeonyesha maajabu.

Wiki mbili baadaye sikuwa nacheka. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda kirefu, na daktari wa kliniki ya sukari, binti ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha darasa la tano, alikuwa ananisomesha mimi. Nikae nyumbani wiki sita, mguu juu ya kiti. Nisikanyage chini, isipokuwa kwenda chooni, tena kwa magongo. Na niache wanga. Akahesabu kwa vidole: ugali, wali, viazi, mihogo, chapati, maandazi, uji, makande. Nilimwuliza kimebaki nini duniani. Akasema mboga za majani, mayai, nyama, samaki, parachichi, na maziwa kidogo. Sukari ikishuka kidonda kitafunga. Isiposhuka kidole kitakatwa, na akaongeza kwamba ukianza kukata huwezi kusema utaishia wapi.

Njiani kurudi Dongobesh mke wangu hakusema kitu mpaka tulipofika mlangoni. Yeye ni fundi cherehani pale senta, mtu wa maneno machache, hupima kwanza ndipo akate.

"Mwalimu," akasema, "tufuate hayo masharti. Ukikatwa mguu, wewe utakatwa, ila mimi ndiye nitakayesemwa."

Nilimwahidi. Na ahadi hiyo niliishika, watu wanielewe vizuri hapa. Mimi ni mwalimu wa sayansi, najua wanga ni nini, na nina kichwa kigumu. Wiki ya kwanza mke wangu alinipikia asubuhi kabla ya kwenda kwenye cherehani yake: mayai mawili, kabichi, nusu parachichi. Nilishinda nimekaa sebuleni nikitazama mguu wangu. Saa saba mchana nilisikia mwiko wa jirani ukigonga sufuria, nikajua sasa anasonga, sasa anageuza, sasa anapakua. Sikujua kwamba mtu anaweza kuonea wivu sauti. Nilipiga miayo, nikanywa maji, nikapiga miayo tena.

Wiki ya pili akaja mama yangu kutoka Tumati. Alishuka kwenye pikipiki na kuku kwapani, akautazama mguu wangu, akautazama uso wangu, akasema nimebaki pua tu.

Nilimweleza masharti yote kwa lugha yetu ili pasiwe na utata. Nilimweleza kama ninavyowaeleza watoto darasani: wanga ukiingia tumboni unageuka sukari, sukari inaingia kwenye damu, damu yenye sukari haiponyi kidonda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kukubali.

"Nimesikia, baba," akasema. "Ugali hutakula."

Kisha akaingia jikoni. Jiko letu liko nje, nyuma ya nyumba, na kwetu mama mkwe akishaingia jikoni kwa mwanawe, jiko ni lake mpaka siku atakayoondoka. Mke wa mwana anachota maji, anakata kuni, anaosha vyombo. Hafunui sufuria ya mama mkwe bila kuambiwa, na akifunua hasemi alichokiona. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Mimi niliiona ni sheria nzuri, kwa sababu haikunihusu.

Ndipo ikaanza supu. Mama alikuwa akichemsha mifupa ya ng'ombe tangu alfajiri, na saa nne ananiletea bakuli. Supu ilikuwa nzito, laini, inashuka kooni taratibu na kutulia tumboni kama mgeni aliyekuja kulala. Kwa mara ya kwanza tangu kliniki nilishiba. Nilimsifu mama mbele ya mke wangu. Nilisema, "Hii ndiyo supu. Mafuta ya mifupa yote yako humu." Mchana nikaletewa nyingine, na jioni mchicha wa maziwa, nao mzito vilevile. Mke wangu alikuwa anatoa vyombo. Nakumbuka alisimama kidogo na bakuli tupu mkononi, kisha akatoka.

Walimu wenzangu walipokuja kunijulia hali niliwatambia. Niliwaambia sijaonja tonge hata moja. Mmoja akasema yeye angekufa siku ya tatu. Nikacheka kwa kiburi cha mtu aliyeshiba. Mama naye alikuwa anakwenda kula ugali wake nyuma ya jiko ili nisiuone wala kuusikia. Niliguswa sana na jambo hilo. Nilifikiri, hivi ndivyo mtu anavyopendwa.

Wiki ya nne nilirudi kliniki nikiwa na hakika ya kusifiwa. Daktari alipima, akatazama kipimo, akapima tena kwenye kidole kingine cha mkono. Sukari ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza. Alifungua bandeji, akamwita mwenzake aje atazame. Walizungumza Kiingereza kwa sauti ya chini, kana kwamba mwalimu hajui Kiingereza.

"Mwalimu," akasema, "unakula nini kwa kujificha?"

Niliapa. Mimi, mwenye mvi, niliapa mbele ya yule binti kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Niliona hanisadiki, na alikuwa na heshima ya kutosha kutolisema. Alinibadilishia dawa, akanipa wiki moja. Baada ya hapo, akasema, tutaongea habari ya kidole.

Nilirudi nyumbani nikiwa nachemka. Nilijua sijala wanga. Basi kuna aliyenilisha. Sasa nieleze vizuri nilichofanya, maana nimekirudia kichwani mara nyingi na kila mara kinanichoma upya. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anapukuchua maharage. Mke wangu alikuwa ananisaidia kuweka mguu kwenye kiti. Nikamgeukia yeye.

"Umenitilia nini kwenye chakula?"

Mke wangu aliinua uso. Alinitazama mimi, kisha akamtazama mama, akabaki anamtazama hivyohivyo. Mama alichukua maharage mengine, akayapukuchua.

"Sijapika mimi," mke wangu akasema.

"Kwa hiyo unamsingizia mama?"

Nikaongeza maneno mengine, ya kuhusu mtu anayekaa kwenye cherehani siku nzima huku mumewe anaoza. Mama hakuinua macho. Maganda yaliendelea kudondoka kwenye ungo. Mke wangu alimaliza kupanga mto chini ya mguu, akaunyoosha vizuri, akaondoka kwenda kazini.

Siku tatu baadaye supu ya saa nne haikunipendeza. Nilikuwa na homa kidogo, nikaisukuma pembeni. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Nilipoigeukia saa sita ilikuwa imepoa na kuganda juu, na nilipoigusa kwa kijiko, kijiko kilisimama. Mafuta yakipoa huganda, ndiyo, lakini hugandia juu kama mfuniko. Hii iliganda mpaka chini, na ilikuwa na rangi ya uji.

Kwenye meza palikuwa na vifaa vya kusafishia kidonda: pamba, bandeji, chupa ya iodini. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya watoto na chupa kama ile. Unachukua kipande cha kiazi, unadondoshea iodini, na kama kuna wanga kinageuka buluu nzito inayokaribia nyeusi. Watoto hupiga kelele kila mwaka. Nilidondosha matone matatu kwenye bakuli la mama yangu.

Yaligeuka meusi kabla sijaweka chupa chini.

Sikutaka kuamini, kwa hiyo nikafanya kama inavyotakiwa, nikajaribu kwenye kitu kingine. Yai la kuchemsha lililobaki asubuhi lilibaki na rangi ya iodini tu, kahawia. Mchicha wa jana uliokuwa kwenye kabati niliufikia kwa magongo. Mweusi. Nikakaa chini nikiwa na vyombo vitatu mbele yangu, nikalia. Sikulilia kidole. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeisifu ile supu.

Mama aliporudi aliliona bakuli kabla hajaniona mimi. Akashika kichwa.

"Umetia sumu gani kwenye supu yangu?"

"Hiyo ni dawa ya kidonda, mama. Inaonyesha unga ulipo."

Alikaa. Akalitazama lile bakuli, na nadhani lilimtisha kuliko mimi nilivyokusudia.

"Kiganja kimoja tu," akasema. "Cha kuishika supu."

"Kila bakuli?"

"Kila bakuli. Ugali sikukupa, baba. Uliniambia ugali, nikaacha ugali." Akajifunga khanga upya kiunoni ingawa haikuwa imelegea. "Wanawake wa huku walikuja siku ile nilipofika. Wakasema mkeo anakunyima chakula, anangoja ufe. Mwanamume anayelala bila unga tumboni! Mimi nikikuacha ukonde wakati nimekuja kukutunza, nitarudi Tumati na uso gani?"

"Nilipomgombeza mke wangu ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa sasa."

"Ningesema, ungeacha kunywa."

Hilo ndilo lililonimaliza. Unga ningeusamehe siku ileile. Unga ni upendo wa mtu asiyejua. Lakini alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasikia mwanawe anamtukana mtu asiye na kosa, akaona bora aendelee na maharage. Nilimwambia arudi nyumbani kwake. Nilimwambia mama yangu mzazi maneno hayo. Alifunga mzigo wake bila kubisha, na kabla ya kuondoka alifagia jiko.

Jioni mke wangu aliyakuta yale mabakuli mezani. Hakushangaa.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu siku ya pili. Unga ulikuwa unaisha upesi, na mla ugali alikuwa mama peke yake."

"Na ukaniacha?"

Nilijiona nimesalitiwa na nyumba nzima. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia walikula njama juu ya mguu wangu, mmoja kwa mkono na mwingine kwa mdomo uliofungwa. Aliniacha nimalize. Alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni.

"Nilimwomba jikoni mara mbili aache," akasema. "Akaniambia nataka kukuua. Nikasema basi, siku ukiuliza, atasema mwenyewe. Ukauliza. Uliniuliza mimi." Akatoa ile futi shingoni akaanza kuikunja. "Ningekuambia ni mama, ungesemaje?"

Nilikuwa nimeshasema. Alikuwa ananikumbusha tu.

Siku zilizobaki alinipikia yeye, mayai na kabichi, na sukari ilianza kushuka. Ilishuka kwa kuchelewa. Kidole kilikuwa kimeshakuwa cheusi kwenye ncha, na kilikatwa. Daktari alisema tumeuwahi mguu. Nilikaa wodini, nikarudi nyumbani, nikaanza kuhesabu wiki upya.

Jumapili moja mama akaja tena. Hakuja peke yake. Alikuja na wazee watatu wa kike wa jumuiya yake ya kanisa huko Tumati, wamevaa vizuri, wamebeba mayai na jogoo. Tuliwapa shikamoo, mke wangu akipiga goti kidogo, wakaitikia marahaba, wakaketi. Wakaomba. Sala ilikuwa ndefu na nzuri. Mke wangu akaenda kuchemsha chai.

Yule mkubwa wao alinishika mkono.

"Pole sana, baba. Tulisikia. Tulisikia ulivyokaa humu bila chakula, mpaka damu ikakosa nguvu, kidole kikafa. Mungu anaona. Mtu anaweza kukuua ndani ya nyumba yako mwenyewe."

Wenzake wakaguna kwa huzuni. Mama alikuwa anatazama sakafu, mikono yote miwili kwenye mapaja. Mke wangu alikuwa amefika mlangoni, chupa ya chai kwenye mkono mmoja na vikombe kwenye mwingine, na alikuwa amesikia neno kwa neno. Hakuingia. Alinitazama.

Ilikuwa sentensi moja tu. Ningesema, mama alinitilia unga kwenye supu, daktari ni shahidi, mke wangu hana kosa. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilimtazama mama, nikaona jinsi khanga yake ilivyochakaa mabegani, na jinsi alivyokuwa akisubiri kipigo bila kuinua kichwa, mbele ya wanawake ambao ataishi nao mpaka wamzike. Nikamtazama mke wangu. Bado alikuwa anangoja.

"Karibuni chai," nikasema.

Mke wangu akaingia, akapanga vikombe, akaanza kumimina, akianza na mama.