Bawa kwenye uwanja wa parokia

Jumapili baada ya misa nilimkuta jirani yangu, mshusha mawe kwa kamba huko machimboni Kakontwe, kwenye uwanja wa parokia. Alikuwa anajifunza kushika bawa la kitambaa, ambalo ziwani litamvuta akiwa amesimama juu ya ubao unaopaa. Upepo ukamkokota moja kwa moja kuelekea mihogo iliyoanikwa.

“Achilia bawa!” akapiga kelele binamu yake anayemfundisha.

“Ku kazi, muntu akiachilia kamba, mwenzake wa chini anakufa!” jirani akajibu, akizidi kukaza mikono.

Mama mwenye mihogo akasimama mbele yake, mikono kiunoni. “Baba, leo iko dimanche, hakuna kazi. Achilia.”

Akaachilia. Bawa likalala kwenye majani. Akatazama viganja vyake, akacheka.

Sijui kama ataweza ziwani. Lakini miaka yote ya ujirani wetu, mabega yake sikuwahi kuyaona yameshuka na kutulia kama siku ile.