Safari ya Sigino Kumtafuta Aliyedumaza Kambale Wetu

Nilikwenda Babati kumtafutia Mama Neema hatia. Hilo nalisema wazi, maana mkilisikia kwa mwingine litaongezwa chumvi.

Sisi ni wanawake saba, tunafuga kambale hapa Singida. Mimi kazi yangu ni mafuta: nachemsha matumbo ya samaki ninayoyapata sokoni, naengua mafuta yanayoelea juu, nayahifadhi. Mama Neema huyachanganya na chakula na kuwalisha. Vifaranga tulivinunua siku moja, mahali pamoja, na Mama Paskali, mfugaji wa Sigino kule Babati. Wake wakawa wameshaanza kuuzwa, wetu wamedumaa na chakula wanakisusa. "Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema kikaoni, kwamba mafuta yanaishia kwenye kikaango cha Mama Neema. Alilia, akaapa kwa Mungu. Kikao kikaamua atolewe kwenye kikundi Jumapili, labda ipatikane habari nyingine. Nikajitolea kwenda kwa Mama Paskali kuulizia.

Ijumaa alfajiri nikapanda basi, na chupa ya mafuta yangu kwenye kikapu. Nilitaka Mama Paskali ayaone, aseme mwenyewe kwamba mafuta haya yakifika kwa samaki, samaki hawawezi kudumaa. Tulipofika Katesh, mlima Hanang ukiwa umejifunika mawingu, abiria wa nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Jamani, nani kabeba mzoga?" Watu wakacheka. Nikamwona mshamba asiyejua harufu ya samaki.

Saa tano nilishuka Babati, nikachukua bajaji hadi Sigino. Mama Paskali, mtu mzima kutoka milima ya Mbulu, alikuwa anapalilia maharage kando ya bwawa lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe Mama Upendo wa Singida? Karibu. Maswali baada ya uji."

Uji ulikuwa wa moto na mimi ni mtu wa haraka, basi ulimi ukaungua. Baada ya uji akarusha chakula bwawani. Weee! Maji yalichemka kwa kambale, migongo myeusi ikipandana. Niliwaonea wivu waziwazi.

"Unawapa mafuta kiasi gani?"

"Vijiko viwili kwa kilo ya chakula, basi. Mwaka jana nilisema nikizidisha watakua haraka. Nilipopasua mmoja, tumbo lote limejaa mafuta, nyama kidogo. Nilijinenepeshea matumbo ya kutupa."

"Na kwetu alizeti imejaa. Kwa nini nisiwape mafuta ya alizeti?"

"Wape, watakua. Ila bwana mifugo alitueleza, kambale huweka nyamani mafuta anayolishwa. Yale ya samaki ndiyo yenye faida kubwa kwa moyo wa mtu, na kwa akili za watoto. Ukimpa alizeti tupu, mlaji wako anayapata kidogo."

Hilo lilinifurahisha mno: kumbe tunachochanganya kwenye ndoo leo kinafika kwenye sahani ya mtoto wa mtu. Mchana tulikula samaki wake kwa ugali, na sikuacha hata kichwa.

Hapo ndipo nikatoa chupa, nikaeleza habari ya Mama Neema tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa kujiamini. Mama Paskali akafungua kifuniko. Akarudisha kichwa nyuma.

"Haya umeyahifadhi tangu lini?"

"Tangu tulipovuna mahindi. Kwenye kibuyu, kama mama yangu alivyohifadhi samli."

Aliweka chupa chini, akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko kama angenifokea.

"Mwanangu, na mimi nilikosea hivyohivyo. Kwetu samli ikikaa kwenye kibuyu ndiyo inakolea. Nikasema mafuta ni mafuta. Lakini ya samaki yakikaa yanachacha, na yakichacha yanaharibu hata vitamini zilizomo kwenye chakula. Samaki anakula kwa kulazimika, anadumaa. Mimi natengeneza kidogo kidogo, ya wiki moja, nayaficha mbali na jua na joto. Tena sikiliza. Huyo mwenzako angewaibia, samaki wenu wangepona."

Kila siku Mama Neema aliyachanganya mafuta yangu bila kupunguza, ndiyo maana kambale walisusa. Uaminifu wake ndio uliowaumiza, nami nikamwita mwizi mbele ya watu. Aibu ilinishika hata nikashindwa kuinua macho. Jioni ile nilisaidia kuchemsha matumbo ya perege kutoka ziwa la Babati, nikajifunza kuengua upya, lakini mikono ilikuwa Sigino na roho ilikuwa Singida.

Jumamosi asubuhi nikaaga. Mama Paskali alitaka kunifungia samaki wa zawadi. Nikakataa, nikamwambia sistahili. "Acha ujinga," akasema, akawatia kwenye kikapu.

Saa nane nilishuka Singida. Sikupitia nyumbani. Mama Neema alikuwa uani anachambua mchele, na aliponiona hakusimama.

"Umeniletea barua ya kunifukuza?"

"Hakuna mwizi, Mama Neema. Samaki nimewaharibu mimi. Mafuta yangu yalichacha, nawe uliwapa yote kama ulivyoagizwa. Nisamehe."

Aliendelea kuchambua. Alitoa chuya, akatoa tena. Nilitamani hata anitukane.

"Hayo umeniambia mimi," akasema mwishowe, "na mimi nilijua tangu mwanzo kwamba sikuiba. Kawaambie uliowaambia yale mengine."

Jumapili, baada ya ibada, nilisimama mbele ya kikundi. Nilikuwa na mengi ya Babati: vijiko viwili kwa kilo, mafuta ya wiki moja, faida inayopita kwa samaki ikamfikia mlaji. Wote walikuwa wanasubiri hayo. Nikaanza na Mama Neema. Nilisema kwamba hakuchukua hata tone, na kwamba mwongo wa kikundi hiki alikuwa mimi.