Reli ya Sebuleni

Mume wangu Pankrasi ni mtu wa kesho. Mwambie paa linavuja, atakujibu kesho. Mwambie mbuzi wa watu kaingia kwenye mahindi, atainuka mbuzi ameshashiba na kwenda zake. Na huyo huyo ndiye aliyemwahidi mtoto wetu Severina safari ya treni, mtoto akiwa bado na meno ya utoto.

Wakati huo tulikaa Mlimba. Pankrasi alikuwa fundi wa njia: kukaza vyuma, kubadilisha mataruma yanayobeba reli, kusawazisha kokoto. Nyumba yetu ilikuwa karibu na reli mno, treni ikipita vikombe vinacheza kabatini. Severina akisikia honi anaacha uji, anakimbia kwenda kuwapungia abiria mkono. Akirudi anauliza, "Baba, na sisi lini?" Naye, "Likizo ikifika, mama." Likizo ikifika, kuna msiba huku Songea, tunakuja kwa basi. Ikifika nyingine, mahindi hayajavunwa. Mkataba ukaisha, tukarudi kwetu Songea, hapa Bombambili, ambako treni utaisikia redioni tu. Mtoto kakulia kando ya reli, hajawahi kukanyaga behewa! Nikisimulia, watu hudhani natania.

Severina akakua, akawa fundi cherehani, ana meza yake sokoni na wateja wake. Mwaka jana tumbo likaanza. Tulizunguka sana, mwisho tukafika hospitali ya Peramiho. Daktari alitukalisha, akatueleza kwa upole kwamba ni kansa na imeshasambaa, turudi naye nyumbani, tumpe dawa za maumivu, tukae naye. Tukae naye! Jioni ile Severina alimwambia baba yake, wala si kwa hasira, "Baba, ile treni sasa ndiyo basi tena."

Nilidhani Pankrasi atasema kesho. Wapi! Asubuhi akampigia simu mdogo wangu Remmy aliyeko Dar, amtafutie treni ya kuchezea, ile ya umeme. Ikaja kwa basi kwenye boksi: injini ya kijani, mabehewa mawili, na reli za kuzunguka sinia. Pankrasi akaitazama, akasema hiyo si safari, hiyo ni kizunguzungu. Akatafuta mbao na waya mnene wa shaba, akaanza kuunda reli zake mwenyewe kwenye baraza la nyuma, kipande kimoja kimoja. Mataruma aliyachonga kwa mianzi. Mlima aliufinyanga kwa magazeti na uji wa muhogo, unga wangu huo, bila hata kuniomba, akatoboa handaki katikati. Stesheni ya Mlimba aliijenga kwa maboksi ya dawa za mwanawe. Pembeni akaweka nyumba yetu ile, na mpapai wake, na daraja dogo.

Reli aliijua. Umeme alikuwa anaubahatisha. Alichukua betri ya pikipiki, waya mwekundu akaufunga reli ya kulia, mweusi ya kushoto. Treni inaondoka vizuri, inapita daraja, lakini ikifika kule mlimani inapunguza mwendo, inasuasua, inazimikia ndani ya handaki. Kila mara pale pale. Anaisukuma kwa kidole, inatambaa kidogo, inasimama tena. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamwambia, "Baba Severina, huyu mtoto hana muda wa kesho zako!" Aliendelea kufuta reli kwa kitambaa, machozi yanamdondokea kwenye mbao.

Aliyeligundua tatizo ni Severina mwenyewe, kalala chumbani, dirisha wazi, anatusikia. Akaniita. "Mama, mwambie baba umeme wake ni kama bomba la mtaa wetu. Wa mwanzo wanajaza mapipa, sisi wa mwisho tunakinga matone. Apeleke waya mwingine moja kwa moja mpaka kule mlimani." Pankrasi alipopelekewa habari hiyo alisimama na kitambaa chake mkononi. Akasema, "Kila kiungo kinaonja umeme. Nilikuwa wapi mimi?" Nikaenda jikoni nikalia, maana kichwa kile kilikuwa bado kizima kabisa na tumbo ndilo linamuua.

Sasa ikabidi vipande vyote viunganishwe kuwa duara moja, na nafasi iko sebuleni tu. Jumamosi asubuhi mimi na Pankrasi tukatoa makochi nje, meza, na kabati la vyombo, tukavipanga uani chini ya ukuta. Sebule ikawa nyeupe. Nikatandika mikeka.

Haya, wewe niambie. Nyumba yenye mgonjwa mahututi, ikatoa makochi yote nje asubuhi na mapema, majirani waelewe nini? Kwetu makochi hutolewa ili waombolezaji wapate pa kukaa chini. Hilo kila mtu mzima analijua, na sisi tulilijua pia, ila akili yetu yote ilikuwa kwenye waya.

Pankrasi alikuwa amelala chali chini ya mbao, anachomelea waya mpya, mimi nimemshikia tochi na moshi unaniwasha macho. Mara nikasikia ukunga nje. "Uwiii! Severina weee! Umetuacha, mwanangu!" Natoka, namkuta jirani yangu Asma, mama yake Tabu, kajifunga khanga kiunoni, nyuma yake wanawake wa mtaa mzima na ndoo ya unga. Kule barabarani Mzee Romanus wa mtaa wetu na wenzake wanateremsha kuni kwenye mkokoteni. Asma akaniona na macho yangu mekundu, akanikumbatia. "Pole, shoga yangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikamsukuma. "Nani kafa? Nani kawaambia hapa pana maiti?"

Asma akayatazama makochi, akanitazama mimi. "Tobaa! Mama Severina, nisamehe."

Na Severina alikuwa chumbani, dirisha lile lile wazi. Mtoto kasikia anavyoliliwa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaingia, namkuta kakodolea dari macho. Kisha akacheka kidogo, huku kashika tumbo. "Mama Tabu ana sauti, jamani," akasema. "Wasirudi bure, mama. Waite waone treni."

Wakaingia wameinamisha vichwa kwa aibu, wakakaa kwenye mikeka kimsiba msiba hivyo hivyo. Asma mwenyewe alinisaidia kumbeba Severina mpaka kwenye godoro sebuleni. Severina akavua hereni zake zote mbili, akaziweka kwenye behewa la mbele. "Hii mimi," akasema, "na hii baba. Leo tunapanda." Pankrasi akatoa filimbi yake ya kazini, ile ya Mlimba, akaipuliza, akagusisha waya.

Treni ikaondoka. Ikapita nyumba yetu na mpapai, ikapita daraja, ikaingia handakini. Watu wakanyoosha shingo. Ikatokea upande wa pili na mwendo wake ule ule! Asma akapiga vigelegele, na wale waliokuja kulia wakampokea. Kila treni ilipopita Severina aliipungia mkono, vile vile kama zamani.

"Tumefika wapi, baba?"

"Makambako, mama."

Ikazunguka tena. "Na sasa?"

"Mbeya hii. Vaa sweta."

Walikwenda hivyo mpaka Tunduma. Severina akachoka, akajilaza, akauliza amefumba macho, "Tunarudi lini?" Pankrasi akamjibu, "Kesho, mwanangu." Siku hiyo sikumgombeza.

Majirani wakaanza kuondoka. Unga walirudi nao, lakini kuni hazikurudi. Mtaani kwetu kuni za msiba hazirudishwi. Ukirudi nazo umeubeba msiba kwenda kwako. Mzee Romanus alikuna kichwa, akaniomba radhi, akaziacha. Nilitaka nikazitupe korongoni. Severina akanizuia. "Mama, acha. Bado mbichi hizo. Ziache zikauke." Alinikazia macho mpaka nikanywea. Nikazipanga nyuma ya jiko, na sikugusa hata kijiti. Nilipikia mkaa.

Kila jioni treni ilitembea. Makochi yalibaki nje, tumeyafunika turubai. Wiki zikapita, Severina akawa hawezi tena kupunga mkono, anafuatisha kwa macho. Akafariki asubuhi moja ya baridi, baba yake kamshika kiganja.

Hapakuwa na kochi la kutoa. Yale ya nje yalishawahi kusema uongo, nani angeyaamini tena? Watu walipita na madumu yao ya maji, wananisalimia, "Mama Severina, mgonjwa kaamkaje?" na kupita zao. Ikabidi nivuke mwenyewe mpaka mlangoni kwa Asma. Nikamwambia, "Mama Tabu, leo ni kweli." Akadhani sijamsamehe, akaanza kuniomba radhi upya. Nikarudia, "Leo ni kweli, mwenzangu. Nisaidie kulia."

Waombolezaji walikaa kuizunguka ile reli, kwa sababu Pankrasi alikataa isiguswe na hakuna aliyembishia. Wanawake waliomvisha marehemu waliuliza hereni. Nikaenda kwenye behewa, nikatoa moja. Ya pili nikaiacha, ni ya baba yake.

Kisha wakauliza kuni. Nikawaonyesha nyuma ya jiko. Msibani, mwanamke akizidiwa na machozi husogea motoni, akiulizwa anasema ni moshi. Na mimi nilisogea. Lakini kuni zile zilikuwa zimekauka vizuri, kama mwanangu alivyosema. Ziliwaka siku nzima na hazikutoa moshi.