Siku ya Zamu ya Nadège

Mudogo wangu Kaswera Nadège ni lieutenant wa meli. Ndiyo, meli ya bahari, na sisi ni batu ya Butembo! Batu banacheka, banauliza: anaongoza meli ku mutoni gani? Mi niliachaka kujibu. Alisoma iyo kazi miaka ine, akafanya mwaka na nusu ku meli ya mizigo kule Matadi, kisha benye meli bakaiuzisha, akarudia nyumbani.

Kazi yao haitafutwi sawa yetu ya soko. Iko syndicat ya bamarin, chama ya batu ba meli, kulekule Matadi. Unaandikisha jina, unangoya zamu yako. Zamu ikifika, banapiga simu. Usipojibu siku ileile, kazi inapita kwa mwenye anakufuata, na wewe unarudia nyuma kabisa ya liste. Nadège alingoya miaka mbili. Alikuwa analima viazi kule Kipese, ku shamba ya marehemu mama, na kule rezo ya simu inakosekanaka. Donc aliachia syndicat numero yangu.

Asubui moja, saa tatu, Éliakim, sekretere wa syndicat, akanipigia.

"Mama, lieutenant Kaswera ajibu leo, mbele ya saa kumi na moja. Meli inatoka jumamosi hii, siku ya posho."

Nikasema: "Ndiyo, papa, namufikishia habari sasa hivi."

Kipese ni saa mbili ya pikipiki. Motard alikuwa pale mbele ya duka yangu, anatafuta muteja. Mi nikaendelea kupima maharagi.

Siko mutu mubaya. Mais wakati mama alikufa, Nadège alikuwa ku bahari. Mi njo nilimuosha mama, mi njo nilimuzika, na yeye akafika kisha wiki tatu, na valise yake ku mukono. Ile kasirani haikunitoka. Na woga pia: akienda tena, mimi atanizika nani? Saa kumi na moja ikapita.

Kesho yake nikaenda Kipese, nikamuambia habari ya simu, na nikamudanganya kama jana pikipiki ilikufa ku njia. Akaikala chini mu viazi, akalia kidogo, kisha akanishika mukono.

"Yaya, hapana kosa yako."

Eh! Angenipiga fimbo ingekuwa afazali. Nilivumilia siku ine. Siku ya Mungu, wakati tulitoka ku kanisa, nikamuambia yote.

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Ulijua saa ya mwisho?" Nikasema nilijua. Akafunga valise, akapanda gari ya Beni, na ku kiwanja ya Mavivi akapanda ndege. Alikaa Matadi miezi tano, kila asubui mbele ya mulango ya syndicat, sababu mwenye iko pale anajijibia mwenyewe, na benye habajibu simu banarudia nyuma yake. Akapata meli.

Mi nilijua namna gani? Ni Éliakim alinipigia, na haya kidogo ku sauti.

"Mama, mudogo yako alipanda meli jana. Iko muzima. Lakini kuna karatasi moja inauliza: kama anapata shida ku bahari, tujulishe nani? Aliandika jina yangu. Nilimuambia hapana, andika mutu wa familia. Akakataa. Anasema mimi njo nitafikisha habari."

Nikamuambia: "Papa, acha ivo. Iko na sababu."