Pete Iliyopigwa Tupa

Katika soko la Salama hapakuwa na fundi aliyeaminiwa kama Ndolo. Tangu mwaka 1974 aliunganisha vyuma kwa msuguano, akitumia mashine kuukuu ya kukereza iliyoendeshwa na injini ya dizeli. Kipande kimoja kilizungushwa, cha pili kikasukumwa dhidi yake hadi vikapata moto na kushikana.

Taabu ilikuwa alumini mbili zisizofanana. Ile laini, ya aina ya sufuria, hulegea mapema. Ile ngumu, ya bodi za malori, hukawia. Kwa hiyo Ndolo aliupunguza mwendo na kusukuma kwa muda mrefu. Kiungo kikiwa kizima, alumini hukamuliwa pande zote mbili na kufanya pete ya uvimbe kuzunguka kiungo. Aidha, kabla ya kazi ya mteja, sharti aunganishe kipande cha majaribio, akibane kwenye jiliwa, kibanio chake cha mezani, na kukipinda aone kama kitakatika.

Jumamosi moja ya mwaka 1986 hakufanya hivyo. Mzee Mutunga, aliyekatwa mguu, alitaka mkongojo wa alumini hizo mbili wa kwenda nao kanisani kesho yake. Jua lilikuwa limeshainama. Ndolo akauhamishia mkanda wa mashine kwenye mwendo wa kasi. Pete ikatokea upande wa ile laini peke yake. Aliiona. Akachukua tupa, akaisugua hadi pasionekane kitu.

Siku ya pili Mutunga alisimama mbele ya waumini kutoa ushuhuda. Hakuwa amemaliza sentensi ya kwanza mkongojo ulipokatika. Aliangukia kifudifudi, akang'oka jino.

“Msimlaumu fundi,” alisema, akijifuta damu. “Mke wangu ndiye aliyeninenepesha.”

“Kwa chapati unazokula, mzee,” akadakia Mbula, jirani yake, “hata reli ingepinda.”

Watu wakacheka. Ndolo, aliyeketi miongoni mwao, naye akacheka.

Nyumbani hakugusa chakula.

“Baba Nzilani, unaumwa?” aliuliza mkewe, Syombua.

“Mkongojo ule niliujua mbovu kabla haujatoka mikononi mwangu.”

Syombua alifunika sahani. “Basi si mimi wa kuambiwa.”

Juma zima Ndolo alipita nyuma ya maduka ili asikutane na Mutunga. Jumapili ilipofika alisimama kanisani, mkononi kipande cha mkongojo alichokiokota siku ile, macho sakafuni.

“Mzee Mutunga si mzito. Niliiona kasoro, nikaificha kwa tupa. Kisha nikacheka pamoja nanyi.”

Mutunga akafunua pengo lake.

“Na jino langu, fundi, utaliunganisha kwa mwendo gani?”

Safari hii hakucheka mtu.

Ndolo alimtengenezea mkongojo mwingine, akaupinda kwenye jiliwa mbele ya macho yake. Tangu hapo hakusugua tena pete hata moja. Kazi zake zilitoka na uvimbe usiopendeza, na mteja aliyelalamika alielezwa sababu yote, jino likiwemo.