Siku Tuliyomlilia Mama Mkwe Akiwa Hai

Nakumbuka siku tuliyopanda lori la pamba kutoka Musoma kwenda Butiama kulia msiba, na waliokuwemo nawakumbuka wote. Mbele kwa dereva alikaa Mwalimu Mafuru, aliyekuwa akitufundisha kisomo cha watu wazima, huyu huyu tuliyemzika juzi hapa Makoko. Pembeni yake mke wake, Mama Eliza, mwenzangu wa kuanika dagaa. Nyuma ilikaa kwaya nzima ya kanisani. Nikianza kuwataja mmoja mmoja utaacha kusoma, kwa hiyo nakutajia Mzee Wambura tu, wa sauti ya nne, binamu ya baba yangu, ambaye akiimba alikuwaga anafumba macho. Halafu mimi, Nyamisi, nimejifunga kanga kiunoni, nalia kuliko wote. Marehemu alikuwa mama mkwe wangu. Na mle ndani ya lori ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hajafa.

Mwanangu, usicheke kwanza. Ngoja nikueleze.

Siku hizo kisomo kilikuwaga kanisani, jioni, tukishamaliza kazi ya dagaa. Wenzangu walishafika kusoma barua. Mimi nilikuwa bado naangalia midomo ya jirani na kuifuata, sauti yangu juu kuliko yake, na Mwalimu akinisifu kwa bidii. Basi akatangaza mtihani. Jumamosi kila mmoja atasimama mbele, peke yake, asome ubaoni. Mume wangu alikuwa kisiwani anavua, sikuwa na wa kunishauri. Ijumaa nikaenda kwa Mwalimu nimeshika kichwa.

"Mwalimu, kesho sitakuwepo. Mama mkwe wangu amefariki Butiama."

Nilidhani atasema pole, aandike kitu kwenye daftari lake, yaishe. Kumbe sikumjua. Msiba kwa Mwalimu Mafuru ulikuwa kama kipindi cha darasa, hakosi na hachelewi.

"Pole sana, Nyamisi. Huwezi kwenda peke yako. Mtihani tunauahirisha, tunakwenda wote."

Nikamwambia njia ni mbaya. Akasema lori la pamba linapita huko asubuhi. Nikamwambia ukoo wa mume wangu haujazoea kwaya. Akasema watazoea.

Tulishuka barabarani tukapanda kilima kuelekea nyumbani kwa marehemu tunaimba wimbo wa maziko. Mama mkwe, jina lake Nyanjura, alikuwa uani anamenya mihogo. Aliposikia kwaya akatupa kisu, akatoka mbio anapiga mayowe, "Uwii! Uwii, wanangu!" mpaka akamwangukia Mwalimu kifuani. Akalia pale vizuri, kama inavyotakiwa. Kisha akajifuta machozi na kanga, akauliza, "Baba, kafa nani?"

Kwaya ikakatika, sauti moja baada ya nyingine. Isipokuwa Mzee Wambura. Yeye, macho kafumba, alimaliza ubeti mzima peke yake.

Mwalimu alivua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza kafa nani?"

Mwalimu akanigeukia. Mimi nikaangalia mihogo. Nilijua mama huyu akikasirika, mume wangu atatoka kisiwani akute nimesharudishwa kwetu. Mwalimu angeweza kunifichia, aseme tumekuja kusalimia tu, lakini hakuwa mtu wa kudanganya hata kwa huruma. Wala hakunitaja.

"Mama, yupo mtu hapa aliyetuambia umefariki," akasema. "Atakueleza mwenyewe. Sisi tunakumalizia mihogo." Na kweli akaketi, akaokota kisu.

Nikapiga magoti nikasema yote. Kwamba sijui kusoma hata neno moja. Kwamba nilikuwa naigiza. Kwamba niliogopa kuchekwa, nikaona heri yeye afe.

Mama mkwe akaniinamia. "Umeniua kwa ugonjwa gani?"

"Tumbo, mama."

"Tumbo!" Akaigeukia kwaya. "Mnamsikia? Mimi niliyezaa watoto tisa, nife kwa tumbo! Si ungesema hata nyoka?"

Mama Eliza akashindwa kujizuia, akacheka, na kwaya yote ikamfuata. Hapo ndipo Mzee Wambura akafumbua macho akauliza, "Tumeshazika?"

Nikadhani yamekwisha. Kumbe habari ilishafika Bunda, alikoolewa wifi yangu. Kondakta mmoja wa basi, mtu wa Butiama aliyetuona Musoma tukipanda lori, aliipeleka tangu asubuhi. Saa tisa mchana akaingia wifi yangu Nyangeta, binti wa mwisho wa mama, miguu vumbi tupu, sauti imemkauka kwa kulia njia nzima. Alipomwona mama yake ameshika kikombe cha chai alianguka pale pale, akamkumbatia miguu. Hakuna aliyecheka tena. Nikampelekea kikombe cha maji, akakikataa. Mwalimu akakichukua kikombe kile kile mkononi mwangu, akampa, naye akanywa.

Ndipo Mwalimu akaniambia, "Nyamisi, anayeniambia hajui, namfundisha kesho. Anayeniambia mkwe wake amekufa, nitamfundisha lini?"

Akatoa chaki mfukoni. Alikuwaga nayo hata siku ya Krismasi. Koti lake la kanisani lilikuwa jeusi kote, mfuko mweupe. Akaandika neno kwenye mlango wa ghala. Nikaliangalia, watu wote wananitazama, na wifi naye.

"Sijui," nikasema.

"Safi. Sasa tuanze."

Mama mkwe akavuta kigoda. "Hebu sogea huko, na mimi sijui."

Lori liliporudi kutuchukua tulikuwa tunasoma maneno matatu, mimi na marehemu wangu. Wifi alinisamehe, ila ilichukua misimu miwili ya pamba. Mama aliishi miaka mingi, na kila alipoumwa tumbo alinitumia salamu: "Mwambieni Nyamisi bado sijafa."

Juzi kwenye mazishi mchungaji aliomba waliofundishwa na Mwalimu wasimame. Tulisimama karibu wote, na mchungaji mwenyewe alikuwa ameshasimama.

Mwanangu, usione haya kusema hujui. Aibu yake ni ya muda wa kusimama mbele ya ubao tu. Uongo hauishii kwa uliyemdanganya. Unapanda basi mpaka kwa mtu ambaye hakukukosea kitu, unamliza. Ukikosa, piga magoti mwenyewe kabla hujatajwa. Na ukimkuta aliyekosa, mwache aseme kwa mdomo wake, wewe menya mihogo.

Mungu akupe walimu wenye subira na wakwe wenye kucheka, akuzeeshe ukiwa na wa kukusahihisha. Na kama nimekosea jina, au Mzee Wambura alikuwa sauti ya tatu, na mama yako alikuwepo akakusimulia vingine, njoo hapa Makoko uniambie. Sitakasirika.