Rangi Iliyobaki Chini ya Ndoo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Saverio Okwera ni kucha zake. Zilikuwa na ukingo wa manjano, kama za mtu aliyetoka kusaga bizari.

"Usiogope mkono wangu, binti," aliniambia nilipobisha mlangoni kwake, Kamwokya. "Ni barabara za Kampala zimenishika."

Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipaka mistari ya barabarani. Kabla ya hapo alikuwa askari, na Kiswahili chake ni cha kambini. Anaishi na mjukuu wake Atoo, mwenye miaka mitatu, ambaye mama yake anafanya kazi Gulu.

Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya afya ya mazingira mwezi uliotangulia. Nilivaa fulana mpya ya mradi wetu wa kupima vumbi la majumbani na damu ya watoto. Nilikunywa chai kando ya dirisha ambalo nondo zake zilikuwa za manjano kali. Mzee alinieleza desturi yao: kazi ikiisha, rangi iliyobaki chini ya ndoo hugawanywa kwa waliopaka. Atoo alikuwa amesimama hapo hapo, mdomo kwenye nondo. Kila alasiri humsubiri babu yake hivyo.

"Dirisha linapendeza sana, Mzee," nilisema. Mimi, msomi wa mambo hayo hayo.

Majibu ya rangi na damu tulizochukua siku hiyo yalipotoka, nilimpigia simu. Rangi ile ilikuwa na madini ya risasi, na damu ya Atoo pia, kuliko inavyofaa. Nilimweleza vizuri jinsi sumu hiyo inavyodhuru ubongo wa mtoto bila dalili yoyote, kama ninayejibu mtihani. La kufanya sikumwambia. Nilijua ningefika kesho yake.

Kesho yake nilikuta mlango umefungwa, na ndani kuna mkwaruzo. Alinifungulia akiwa na msasa mkononi. Vumbi la manjano lilikuwa kwenye mvi zake, kwenye blanketi, juu ya sufuria. Atoo alikuwa kitandani akichora duara kwenye vumbi kwa kidole.

"Namaliza sasa hivi," alisema. "Nimefunga ili majirani wasione."

"Mzee, vumbi ndilo baya zaidi!"

Aliuweka msasa chini polepole. "Jana hukusema hivyo."

Ni kweli, sikusema.

Tulimtoa Atoo nje tukamwogesha, kisha tukafuta kila kitu kwa vitambaa vyenye maji.

"Kuna viti," alisema Mzee tulipomaliza. "Vya watoto wa Mama Tresor. Nilivipaka mimi, Krismasi. Nenda umwambie wewe, umesoma."

"Twende wote."

Mama Tresor, jina lake Benedicte, ni Mkongo anayelea watoto kumi na watano kwenye chumba cha nyuma, mama zao wakiwa kazini. Mzee alivua kofia mlangoni.

"Mama Tresor, rangi ya viti vyako ina sumu. Ni mimi niliyeileta."

"Papa Saverio, leo umeamkia utani?" Kisha akaniona. "Na huyu dada wa fulana?"

"Huyu ndiye aliyepima."

"Na nikachelewa kumwambia la kufanya," nikasema. Nilitamani fulana ile isiwe mwilini mwangu.

Benedicte alianza kuwainua watoto vitini mmoja mmoja. "Papa, watoto hawa walikuimbia kwa viti hivi!"

"Waliniimbia."

"Basi hukimbii. Utakuja kukaa nao hapa kwenye mkeka, mpaka wapimwe wote."

Naye huja. Kila akitoka kazini hunawa kwanza bombani, hubadili nguo, kisha hukaa mkekani huku watoto wakimpanda mgongoni. Nondo za dirisha zimeng'olewa, zimefungwa kwenye turubai. Atoo humsubiri mlangoni sasa, na hulalamika kwamba babu ananawa sana.

Wiki iliyopita, baada ya miezi mitatu, Atoo alichukuliwa damu tena. Mzee aliniomba jambo moja tu: "Safari hii usipige simu. Njoo mwenyewe."

Majibu yatatoka Ijumaa. Leo ni Jumatano, na asubuhi hii ameshanipigia mara mbili kuuliza kama ofisi yetu haiwezi kufungua bahasha siku ya Alhamisi.